Mlango wa Kufuli Mbili

Mji mzima walimwita Bwana Ubia, naye hakukasirika, maana hata yeye hakuwa na hakika ameajiriwa na nani. Shati lake lilitoka halmashauri, suruali ilitoka shirika la umeme, na kila asubuhi alisaini vitabu viwili vya mahudhurio kwa kalamu aliyoinunua mwenyewe. Alikuwa msimamizi wa kituo cha kugawia umeme kilichojengwa kwa ubia. Halmashauri ilitoa kiwanja na jengo, shirika likaleta mitambo, wakubwa wakakata utepe, kisha kila upande ukarudi ofisini kwake kumchunga mwenzake.

Mlango wa chumba cha mitambo ulikuwa na kufuli mbili, moja ya halmashauri na moja ya shirika, ili asiingie mtu kumzunguka mwenzie. Msimamizi hakupewa ufunguo hata mmoja. Aliwahi kuuliza, akajibiwa kwamba mwenye funguo zote mbili atakuwa mbia wa tatu, na mkataba unataja wawili tu. Basi kwa miaka miwili alisimamia mlango. Aliufuta vumbi, akazitia bawaba mafuta, na mitambo akaitazama kupitia nondo za dirisha. Fundi umeme wa miaka ishirini na tisa kazini huyo! Ilibaki miezi saba astaafu.

Siku ya siku, saa tatu asubuhi, umeme ukakatika nusu ya mji. Tawi la mti lilikuwa limegusa nyaya nje, likaanguka chini lenyewe, na hitilafu ikaishia hapo. Msimamizi akachungulia dirishani, akaona swichi kuu imeshuka. Kuipandisha ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua, kwa mtu aliyeko upande wa pili wa mlango.

Simu ikaita. Alikuwa mkewe, aliyefuga kuku nyuma ya nyumba. Mashine yake ya kutotolesha ilikuwa na mayai tisini, na ile ndiyo ilikuwa siku ya ishirini na moja, siku ya vifaranga kutoka.

"Baba watoto, umeme vipi? Wameshaanza kudonoa. Nawasikia wanalia humo ndani."

"Funika mashine blanketi. Weka na chupa za maji ya moto."

"Nimeshaweka. Zitanifikisha saa sita, si zaidi. Kwani wewe si uko hapo hapo kwenye umeme?"

"Niko hapo hapo," alisema, na aibu ikamshika.

Haki yao wapewe, wakubwa walikuja. Mhandisi wa halmashauri alifika saa nne, meneja wa shirika saa nne na nusu, kila mmoja na gari lake na ufunguo wake. Msimamizi akashusha pumzi, lakini alizishusha mapema mno. Mkataba, kifungu cha kumi na nne, ulisema kwamba upande utakaofungua kwanza ndio utakaobeba lawama ya hitilafu yoyote itakayokutwa ndani.

"Karibu, fungua," mhandisi alisema, kwa adabu kama anakaribisha mgeni mezani.

"Hapana mheshimiwa, anza wewe. Jengo ni lenu."

"Swichi ni yenu."

"Swichi imeshikiliwa na ukuta, na ukuta ni wenu."

"Wakubwa zangu," msimamizi akaingilia, "fungueni wote kwa pamoja. Mimi nitahesabu moja, mbili, tatu."

Wakatazamana. Wazo ni zuri, hilo walikiri wote wawili, ila lazima lipitishwe na kamati ya pamoja. Na kamati ya pamoja ilikuwa haijawahi kukutana, kwa kuwa hawajaafikiana ikutane ofisi ya nani. Wakapeana mikono, wakaenda kunywa chai, kila mmoja mgahawa wake.

Saa sita kasorobo simu ikaita tena.

"Wamepunguza sauti," mkewe alisema. Hakulaumu wala hakulia, na msimamizi aliona afadhali angelaumu.

Nyuma ya jengo kulikuwa na kipande cha nondo kilichobaki tangu ujenzi. Alikichukua, naye alijua anafanya nini na alijua kitamfikisha wapi. Ili asionekane kupendelea upande, alikipitisha katika kufuli zote mbili, akakikandamiza kwa uzito wake wote hadi zikaachia. Akaingia, akapandisha swichi, akatoka. Redio za mtaa wa pili zikaanza kuimba, na watu wakapiga kelele za furaha bila kujua wamshukuru nani.

Kamati ya pamoja ilikutana alasiri ile ile. Habari ya ofisi ya nani haikutajwa, na wajumbe walitimia wote. Kesho yake, kabla ya saa nne asubuhi, msimamizi alikabidhiwa barua ya ukurasa mmoja yenye mihuri miwili: ameachishwa kazi kwa kuvunja moyo wa ushirikiano.

Alimkuta mkewe amechuchumaa uani katikati ya vifaranga sabini na mmoja. Akampa barua. Mkewe akaisoma pole pole mpaka chini.

"Wamesaini wote wawili?"

"Wote."

"Siku moja?"

"Siku moja."

Mkewe akamwekea kifaranga kimoja kiganjani. Miaka miwili mzee yule alikuwa akiomba wakubwa wake waelewane, japo kwa jambo moja tu. Wameelewana, na roho ikamuuma, tena ikamuuma sana, kwamba jambo lenyewe ni yeye.