Ua la Dada Yangu

Dada yangu alichora vitambaa kiwandani miaka kumi na tisa. Si kufagia, si kufunga mizigo: kuchora. Lile ua jekundu la majani matatu, mlilovaa ninyi na mama zenu, ni mkono wake. Lakini kila mchoro ulitoka kwa jina la msimamizi, na yeye kalamu alijua kuichomeka sikioni tu.

Mimi natengeneza picha za ukutani kwa taka, wala sioni haya. Mifuniko ya chupa, nyaya, magunia, matambara. Mwaka huu nikaapa: nitalitengeneza ua la dada, kubwa kama mlango, na jina lake lisomwe kabla macho yake hayajazima kabisa.

Miezi minne nilitoboa mifuniko kwa msumari wa moto. Katikati nikaweka kitambaa chenyewe, kile cha kwanza cha majaribio alichokuja nacho nyumbani. Sasa mimi sishoni kitambaa bila kukata ule ukingo mgumu wa pembeni, maana unavuta kazi ikunjamane. Nikaukata, nikauchambua nyuzi, nikafungia mifuniko.

Binti wa ukumbi wa maonyesho alilipenda. "Ila bibi, kwamba ni yeye aliyechora, una ushahidi gani?"

"Ushahidi ni mimi. Tunalala chumba kimoja."

"Nakuamini, bibi yangu. Wakubwa wanataka maandishi."

Nikamwuliza dada. Akacheka hadi akakohoa. "Mdogo wangu, unahangaika bure! Nilijiandika kwa siri, jina zima, herufi kama chawa. Angalia kile kitambaa, ukingoni."

Nilirudi ukumbini, nikaligeuza ua, nikamwonyesha binti mafundo ya zile nyuzi za ukingo. "Jina limo humu."

Akainama, akatazama kwa heshima zote. "Sioni kitu, bibi."

Siku ya kufungua nilimshika dada mkono. Alipapasa mifuniko, jani hadi jani, akitabasamu kama bibi harusi. Vidole vikafika kwenye kibao kidogo.

"Hapa pameandikwaje?"

Nilisoma kimoyomoyo, herufi moja moja, kisha nikarudia labda nimekosea. *Mchoraji hajulikani.*

"Soma basi, mdogo wangu."

"Ngoja watu wapungue kwanza."

Akangoja. Watu wakapungua.