Koplo Aliyeuliza Shamba Linalimwa na Nani

Koplo amefariki. Habari hizo nilizipata sokoni Matiliku, nikiwa nimeinamia gunia la mbaazi nikiangalia kama zina fukusi. Mwenye mbaazi, kijana wa kuniita susu, yaani nyanya, akaniambia kama mtu anayetaja bei, "Susu, yule askari wa wendawazimu wa kule Emali amekufa." Nikamwambia hakuwa askari wa wendawazimu. Alikuwa mwanamke askari wa jela, na wale aliowahangaikia walikuwa wagonjwa. Akacheka akasema, "Si ni kitu kimoja, susu?" Nikamrudishia mbaazi zake, nikaenda zangu. Si kitu kimoja hata kidogo, na kwa kuwa kijana yule alikuwa na wateja wengine hakuwa na nafasi ya kunisikiliza, nitawaeleza ninyi mnaosoma safu hii. Mnanijua. Mimi sipambi marehemu. Mtu akifa akiwa mchoyo, huwa nasema alikuwa mchoyo na Mungu amrehemu. Kwa hiyo nikimsifu huyu, mjue nina sababu.

Ilikuwa miaka ya sabini, mimi nikiwa mama wa watoto wadogo huko Mbooni, na nikiwa kiongozi wa mwethya wetu. Kwa wasomaji wa mbali, mwethya ni kundi la kazi. Leo tunalima kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwa yule. Kazi yetu kubwa ilikuwa fanya juu, yaani kuchimba mtaro ukikata mlima na kuutupa udongo upande wa juu ili mvua isilibebe shamba lote. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na ndiyo maana tulikuwa na sheria kali. Asiyekuja bila sababu alitoa kuku. Akiugua, tulimlimia bila kumdai kitu. Akifanya uovu akafungwa, alitoka kundini, na shamba lake liliachwa libebwe na mvua. Hatukuandika popote, lakini hakuna aliyesahau. Basi mmoja wetu, mke wa mtoto wa jirani yangu, alijifungua, na baada ya kujifungua akili zikamvurugika. Alikuwa hapati usingizi. Alikuwa anazungumza na ukuta, anauambia unyamaze. Siku moja adhuhuri, watu wakiwa mtoni kuchota maji, akaiwasha moto ghala ya mama mkwe wake, na ndani mlikuwa na mahindi yote mama huyo aliyovuna baada ya ukame mrefu. Polisi wakaja wakamchukua. Mtoto akabaki na nyanya yake, akinywa maziwa ya mbuzi.

Kundini tuligombana. Wengine walisema ni mkosaji, wengine wakasema ni mapepo, mmoja akasema anajifanya ili asipigwe. Shamba lake likabaki bila kuguswa, na mvua za vuli zilikuwa karibu.

Ndipo Koplo akaja. Nasikia alikuwa ameomba ruhusa ya siku moja, akapanda zile njia zetu za mlimani na viatu vya serikali, sare imenyooka, mkanda unang'aa. Sasa fikirieni askari anatokea kilima kile mchana. Kulikuwa na nyumba mbili tatu za akina mama waliokuwa wakipika pombe ya miwa kwa ajili ya mahari ya mtu. Kabla Koplo hajafika mtoni, mtungi wa kwanza ulikuwa umemwagwa, na wa pili ukifuata. Alipofika kwangu, mmoja wa wale wapishi alikuwa amekaa mlangoni akijipepea kama aliyetoka kanisani. Koplo akanusa hewa. Akasema, "Mama, mimi ni wa jela, si wa pombe. Mngeniuliza kwanza." Yule mama akamjibu, "Ungevaa gauni kama watu, mwanangu, tungekuuliza." Kwa upande wangu pombe ile sikuililia, lakini wenyewe waliililia miaka.

Akakataa kiti, akakaa kwenye jiwe, akavua viatu. Kundi lilipokwisha kukusanyika uani kwangu, akatuambia mwenzetu yuko mahabusu, na kwamba mwanzoni alikuwa akipiga kelele hata wafungwa wengine wakamchukia. Alisema amewahi kuona wengine namna ile. Wanaletwa kwa kosa, wanafungiwa, wanazidi kuharibika, wanatoka, wanarudishwa. Yeye alimwomba mkubwa wake ampeleke huyu hospitali ya wilaya, akachomwa sindano, akaanza kulala. Siku aliyopata usingizi aliamka akauliza mtoto yuko wapi. "Ameuliza tena na tena," Koplo akasema. "Hakimu ataamua kesi mwezi ujao. Daktari atasema ni ugonjwa. Lakini hakimu atauliza arudi kwa nani, na kama hakuna mtu, atabaki ndani. Jela si mahali pa kumtunza. Mimi ninayefunga milango nawaambia." Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia kutoka kwa askari: "Shamba lake linalimwa na nani?"

Hakungoja jibu. Akasema, "Nimezaliwa Ukambani, naujua mwethya. Kama ni mkosaji, mmefanya sawa kuliacha. Kama ni mgonjwa, mna deni. Mimi nataka neno moja tu nirudi nalo." Mnaona alivyotukamata? Hakutuhubiria huruma. Alichukua sheria yetu wenyewe akatuwekea mbele. Wote tukamgeukia mama mkwe, kwa sababu mahindi yalikuwa yake. Mama huyo alikuwa mgumu kuliko mimi, na hiyo si kazi ndogo. Akasema, "Mnanitazama nini? Ni mahindi yangu yaliungua, si yenu." Akambadilisha mtoto mgongoni, kutoka huku kwenda huku. Akasema, "Msichana yule kabla hajazaa alikuwa akinichotea maji kabla sijaamka. Yule aliyechoma ghala sikumjua." Akaingia nyumbani kwake, akarudi na jembe la mkaza mwanawe, akalitupa chini mbele yangu. "Kesho kwake," akasema. "Na mimi nakuja, mtoto nikiwa naye."

Kesho yake tulilima kwake. Udongo ulikuwa mgumu na hakuna aliyeimba mpaka saa nne, lakini tulipoanza, tuliimba. Mwezi uliofuata tulishuka mjini, wengi tu, na hakimu alipouliza ni nani atakayempokea huyu, nilisimama nikasema, "Sisi." Akauliza, "Sisi ni akina nani?" Mama mkwe akajibu kutoka nyuma kwamba ni sisi tunaolima shamba lake. Mwenzetu akapewa kifungo cha nje, kwa sharti la kupata sindano yake kila mwezi. Nilimwona akimpokea mtoto wake pale nje ya korti. Mtoto akamlilia kwa kutomjua, naye akasema polepole, "Ni haki yako, baba. Tutajuana."

Zahanati ilikuwa mbali, kupanda na kushuka. Tukafanya kama tunavyofanya mashamba, zamu. Mwezi huu fulani anamsindikiza, mwezi ujao fulani, na asiyetokea kwa zamu yake alitoa kuku vilevile. Baadaye alipokaa vizuri sana, wengine wakaanza kusema tumeomba amepona, sindano ya nini tena. Koplo alikuwa na mazoea ya kupita kwetu, siku hizo akivaa gauni maana alikuwa amefundishwa, akalisikia hilo. Akauliza, "Mkiomba mvua ikanyesha, huwa mnaacha kupalilia?" Neno hilo likaisha hapo. Mgonjwa haulizwi uji, lakini pia hapewi uji mara moja mkasema ameshiba maisha.

Nimefikiri sana juu ya mambo haya siku hizi. Zamani mtu akichanganyikiwa akavunja kitu, kulikuwa na njia mbili, kamba nyumbani au pingu kituoni. Hakuna aliyeuliza ya tatu. Koplo hakuwa daktari, na hakuwahi kujifanya daktari. Alichofanya ni kutembea kati ya seli na kilima, kati ya hospitali na jiko la mama mkwe, mpaka watu wasiozungumza wakazungumza. Baada ya yule wetu, alienda vilima vingine kwa ajili ya wengine. Si wote walipokewa. Alinieleza juu ya mwanamume mmoja ambaye ndugu zake walimfungia mlango, na alipokuwa akieleza alitazama chini. Lakini kabla hajastaafu, muuguzi wa akili alikuwa akija kule jela kuwaona mahabusu, na mtu akianza kuongea na ukuta aliitwa muuguzi kabla ya kuitwa rungu. Hilo nililiona kwa macho yangu nilipompelekea mahindi mabichi. Nilijivuna kana kwamba mimi ndiye niliyevaa sare.

Tulimzika Emali. Waliosema mbele ya kaburi walisema vizuri, sitarudia. Baada ya chakula nikatazama shamba lake nyuma ya nyumba. Lilikuwa halijaguswa tangu alipoanza kuugua, na mitaro imejaa udongo. Hakuwahi kuwa wa mwethya wetu. Kabla sijasema kitu, mwanamke mmoja akapita mbele yangu, jembe begani. Alikuwa yule yule. Sasa ana nywele nyeupe mbele, na mtoto wa maziwa ya mbuzi ni mwanamume mwenye ndevu aliyebeba majembe mengine nyuma yake. Akaniita mwaitu, yaani mama, kama alivyozoea, akasema, "Unasimama unangoja nini? Alikuwa mgonjwa. Tuna deni." Akashuka mtaroni kwanza. Tukamfuata, na gauni zetu za msiba zikachafuka zote.

Basi wewe uliye na mtu wako huko ndani, au jirani yako anaye, usianze kwa kuuliza alifanya nini. Hilo polisi wameshauliza. Uliza shamba lake linalimwa na nani, kisha uchukue jembe.