Luciana Anauliza Ulilala Wapi Jana

Saa moja asubuhi Luciana Mkopi anapiga hodi kwa Bibi Balbina, kijijini Idete, na kukuta kufuli. Hashangai. Anapanda tena baiskeli yake, mkoba wa vipimo vya malaria begani, na kushika njia ya mashambani.

Luciana, mwenye miaka 41, ni mdodosaji. Kila mwezi huzungukia kaya 38 ambazo mradi mmoja wa makazi umezikarabatia nyumba: sakafu ya saruji, dari, madirisha yenye wavu. Hupima malaria, huuliza watoto wamekosa shule siku ngapi, na kama mwenye nyumba amelaza mgeni mwezi huo. Swali la mgeni huwachekesha wengi, ila yeye ndilo alipendalo.

"Mtu halazi mgeni mahali anapopaonea aibu," anasema.

Hulipwa shilingi 25,000 kwa siku, siku kumi na tano kwa mwezi. Siku nyingine hulima mpunga, kama majirani zake.

Mwaka jana kazi ilimwendea kombo. Machi na Aprili, wajukuu wawili wa Bibi Balbina walikutwa na malaria. Je, walilala ndani ya nyumba hii? Ndiyo, kila siku. Kaya nyingine kumi na moja zenye wagonjwa zilijibu vivyo hivyo. Kwenye ofisi ya mradi, Ifakara, ikaonekana kwamba wavu na dari havizuii chochote, na awamu ya pili, nyumba 120, ikasimamishwa hadi zipatikane takwimu za msimu mwingine.

Kumbe hakuna aliyelala ndani. Mpunga ukitoa masuke, familia za bonde hili huhamia shambani kuamia ndege wasile mpunga, na hulala kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa, kisicho na ukuta wa maana. Mbu wa huko hujilia watakavyo.

Luciana, mtoto wa bondeni, alilijua hilo tangu utoto. Lakini alikuwa na desturi ya kutuma salamu siku moja kabla ya kufika. Kwa heshima ya mgeni, watu walirudi kijijini, wakafagia, wakamngoja barazani. Naye akaandika alichoambiwa. Luciana haisingizii ofisi kosa hilo. Linamuuma mpaka leo.

Siku alipokwenda bila kutuma salamu, alimkuta Bibi Balbina juu ya dungu. Alimwamkia, kisha akamuuliza kwa nini alimficha.

"Mwanangu, mtu akikutengenezea nyumba, utamwambia hulali humo?" alijibu bibi. "Niliogopa wataing'oa ile dari wampe mwingine."

Msimu huu, kwa ombi la Luciana, swali limebadilishwa. Sasa huuliza tu: usiku wa jana ulilala wapi? Na huwafuata watu huko huko waliko.

Leo Bibi Balbina anajibu bila kusita kwamba wamelala shambani wiki tatu. Mjukuu mmoja ni mzima. Kipimo cha wa pili kinaonyesha mistari miwili, yaani ana malaria, na Luciana anamwandikia bibi karatasi ya kwenda zahanati kabla ya mchana.

Uamuzi kuhusu awamu ya pili utatolewa Julai. Nyumba ya 64 kwenye orodha ya awamu hiyo, ya nyasi, inayovuja, ni ya Oliva, mama mzazi wa Luciana, mwenye miaka 73. Ofisi inalijua hilo, na nyumba hiyo atapewa mdodosaji mwingine. Evod, kaka yake Luciana, alimshauri awaandike wajukuu wa watu kuwa wazima tu, mama apate dari; nani atajua?

Luciana anafunga mkoba.

"Natamani sana nyumba hizi zishinde," anasema. "Lakini nikizishindisha kwa kalamu, mama yangu atalala nyuma ya wavu ambao hakuna anayejua kama unazuia mbu."