Ile "Ndiyo" Niliyomjibu Kasongo

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka mpaka harufu yake: mihogo ikichemka, chaki, na vumbi jekundu la Manika, mtaa wetu pale Kolwezi, Kongo, lililoingia hata kwenye kurasa za kitabu cha sarufi. Wiki hii nimekusikia ukijiandaa kwa mtihani wako wa Kiingereza, unajiuliza na kujijibu mwenyewe chumbani. Nikaona afadhali niandike, maana mdomo wangu ukifika mahali pagumu huwa unaruka. Sikusoma sana, makosa utanisamehe. Nimefungua daftari langu la zamani pia, na siku nyingine daftari linasema hivi, kichwa changu kinasema vile. Pale vinapogombana nitakuambia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kulikuwa na shule ya wauguzi upande wa Zambia iliyopokea wasichana wa kwetu, mradi wafaulu mtihani wa Kiingereza. Maneno niliyaweza. Sarufi ndiyo iliyonitesa, na ndani ya sarufi, yale maswali yanayoulizwa kwa kukana.

Aliyenifundisha ni Tata Ilunga, yaani baba Ilunga, jirani yetu wa nyumba ya tatu, mwalimu wa sekondari. Shule yake ilikuwa imefungwa, kama vile kila kitu Kolwezi kilivyokuwa kinasimama kimoja kimoja: mashine za mgodi, mabasi ya wafanyakazi, unga tuliozoea kugawiwa. Akasema hawezi kukaa bure, nije barazani kwake kila mchana. Alikuwa mkali. Ukikosea mara tatu anakutuma kwanza ukanawe uso. Lakini alipenda kucheka.

"Haujakula leo?" ananiuliza.

Sijala. Najibu kama mtu yeyote wa kwetu: "Ndiyo, Tata."

"Na kwa Kiingereza?"

"*Yes*."

"Aa, mama yangu! Utakufa na njaa kule Zambia! Batakuuliza haujakula, weye unasema *yes*. Basi, batafunika sufuria, batafikiri umeshiba!"

Mkewe alicheka huko jikoni mpaka akakohoa. Kisha Tata Ilunga akapunguza sauti, akanieleza neno ambalo daftari langu limeliandika sawasawa: "Lugha yetu inajibu mutu. Kiingereza inajibu kitu. Kama haujakula, ni *no* tu, hata bakuulize namna gani."

Katika mazoezi hayo hayo ndipo nilipojua asili yake. Siku moja zoezi lilikuwa la kusema wazazi wamezaliwa wapi, naye akajitolea mfano: baba yake aliletwa kutoka jimbo la Kasai kuchimba shaba, yeye mwenyewe akazaliwa hapa, kambini kwa wafanyakazi. Sikuwa nimelijua hilo. Ilunga ni jina la watu wa Kasai na ni jina letu pia sisi tuliotoka kaskazini ya Katanga. Kiswahili chake kilikuwa cha Kolwezi kama changu.

Wakati ule lilikuwa jambo la kuua. Wakubwa wa jimbo letu walikuwa wamesimama mbele ya watu wakasema wageni warudi kwao, na vijana wakalichukua neno hilo wakaingia nalo mitaani. Familia za Kasai zilitolewa katika nyumba zao, zikaenda kulala kwenye uwanja wa stesheni zikingoja treni. Mtaa wetu ulikuwa bado haujafikiwa.

Sasa siku yenyewe. Nilitoka barazani mchana, kitabu kwapani. Karibu na bomba la maji walisimama vijana. Daftari linasema watatu, mimi nawaona wawili. Mmoja alikuwa Kasongo, tuliimba naye kwaya ya parokia.

"Mama Zambia!" akaniita. "Hiyo Kiingereza, utaisema na nani? Na mbuzi ya kwenu?"

Nikacheka. Yeye pia alicheka. Halafu akauliza, bado ana kicheko mdomoni, akiniita yaya kama dada yake mkubwa: "Yaya, huyu Tata Ilunga, haiko mutu wa kwetu?"

Nikajibu: "Ndiyo."

Basi. Nikaendelea kutembea.

Unaona nilichofanya? Kwa lugha yetu nilisema: ndiyo, ulivyosema ni kweli, si wa kwetu. Ningeweza kusema "Hapana, ni wa kwetu, tunatoka mtaa mmoja." Ningeweza kusema sijui. Miaka mingi nilijitetea kwamba kichwa changu kilikuwa kimejaa masomo, nikajibu Kiswahili kwa kanuni ya Kiingereza, yaani *yes*, ni wa kwetu. Hata katika daftari, chini ya maneno "Nimemjibu ndiyo," kuna mstari wa wino mwingine niliouongeza baadaye: "kwa maana ya Kiingereza." Ninautazama mstari ule na siuamini. Miguu yangu ilikuwa inatetemeka. Nilimjibu Kasongo, sikujibu kitu.

Keshokutwa yake vijana walikuja nyumbani kwa Tata Ilunga. Hawakuwapiga, hilo niliseme kwa haki. Waliwapa muda wa kufunga magodoro, wakasimama getini hadi nyumba ikawa tupu. Mimi nilitazama kupitia pazia.

Nilikwenda stesheni baada ya siku nne, na bukari, ugali wa kwetu, na samaki wa kukaushwa ndani ya kitambaa. Niliwakuta wameegemea ukuta, mtoto wao mdogo ana homa, amelala juu ya shati la baba yake. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima: Tata, ni mimi niliyesema. Tata Ilunga akainuka, akanipokea kama mgeni nyumbani.

"Haukuogopa kuja hapa?" akauliza.

"Ndiyo, Tata," nikasema.

Akanitazama, akatikisa kidole. "Mutihani iko karibu, na bado unanijibu vile? Sema muzuri!"

Mkewe akatabasamu, kwa mara ya kwanza siku ile nadhani. Nikasema *no*, na sauti ikakatika. Wakafikiri ninalia kwa huruma. Nikawaacha wafikiri hivyo. Treni yao iliondoka siku nisiyoijua. Sitakuambia walikufa njiani, wala kwamba walifika. Nimewauliza watu wengi, hakuna aliyenipa habari.

Mtihani nilifaulu. Sehemu ya sarufi ndiyo niliyofanya vizuri kuliko zote. Nilisoma Zambia mwaka mmoja, baba akakosa kazi kabisa, nikarudi.

Kasongo nilikutana naye tumeshazeeka, sokoni Fungurume. Nami sitaki umchukie. Kaka yake alizungushwa sana alipotafuta kazi mgodini, na katika ofisi moja au mbili ni kweli wakubwa wa Kasai waliwapendelea wa kwao. Lakini Tata Ilunga hakuwa na ofisi, alikuwa na chaki. Nilimkumbusha Kasongo lile swali. Akainamisha kichwa, akasema, "Achana nayo, yaya. Tulikuwa tunajua tayari." Labda ni kweli. Labda alinihurumia. Lakini kama walijua, mbona waliniuliza?

Kwa hiyo, mwanangu, jifunze sarufi yako vizuri, wala usiogope yale maswali ya kukana. Ila nje ya chumba cha mtihani, ukiulizwa habari za mtu, usimpe muulizaji neno moja la kumpendeza. Tazama kwanza anachotaka kwenda kufanya nalo. Taja jina la mtu huyo, sema sentensi nzima, ujisikie unachosema. Na ikitokea umeshamkosea mtu kwa woga, mwambie angali mbele yako, hata kama atakufukuza. Mimi nilimkosea Tata Ilunga mara mbili, na ile ya pili ndiyo iliyonilemea zaidi, kwa sababu pale stesheni hapakuwa na Kasongo wa kuogopa.

Mungu akufungulie mtihani wako, na ukienda mbali akuvushe salama na kukurudisha. Na siku utakayosimamishwa njiani uulizwe juu ya jirani yako, akushike miguu isitetemeke, akuachie pumzi ya kutosha kumaliza sentensi.