Siku Skuta Ilipovishwa Sinendet

Mume wangu alikuwa na namna yake ya kutembea. Mikono nyuma, kiganja kimoja kimeshika kingine, kifua mbele, kichwa kikigeuka huku na huku kukagua chai ya watu mashambani. Tulipokuwa wachumba nilimcheka, nikamwambia anatembea kama afisa wa kilimo asiyelipwa mshahara. Hakukasirika. Alisema mtu anayetembea mikono nyuma ni mtu asiye na wasiwasi na kilicho mbele.

Kisha nikateleza. Wachuma chai huteleza kila siku wakaamka wakaendelea, lakini mimi niliteleza na kikapu kimejaa mgongoni, kwenye mteremko wetu wenyewe hapa Kedowa, nikavunjika nyonga. Ilipounganishwa haikukaa sawasawa. Kikaja kiti cha magurudumu, na mikono ya mume wangu ikatoka nyuma ya mgongo wake ikahamia kwenye vishikio vya kiti. Ikakaa huko miaka.

Sina malalamiko kuhusu kusukumwa. Hapo nimedanganya, ninayo, tena mengi, na mume wangu ameyasikia yote. Lakini lililonikera kuliko yote ni kwamba aliacha kucheza. Mtu huyu, muziki ukilia kwenye harusi, watu walikuwa wanampisha. Mabega yake yalicheza bila kumwomba ruhusa. Tangu nivunjike, muziki ukipigwa anasimama nyuma yangu ameshika kiti, ametulia kama nguzo ya stima. Nikimwambia aende akacheze, anasema amezeeka. Mzee gani huyo anayebeba gunia la viazi peke yake? Aliona haya kufurahia miguu yake mbele yangu, na jambo hilo liliniuma kuliko nyonga.

Basi binti yetu, ambaye ni muuguzi huko ng'ambo, akanitumia skuta. Si pikipiki. Ni kiti chekundu juu ya magurudumu manne, kina usukani, kikapu mbele na betri chini. Karibu na usukani kuna kidude cha kuzungusha cha kuchagua mwendo. Upande mmoja wamechora kobe, upande mwingine sungura. Mume wangu aliitazama ile michoro kwa makini, halafu akatoa amri.

"Wewe utakaa kwa kobe."

"Nani amesema?"

"Mimi. Sungura tutamuuliza siku nyingine."

Siku za kwanza tuliwachekesha majirani. Mimi naenda, yeye yuko kando yangu, mikono inaning'inia. Mara aitie mfukoni, mara aitoe, mara ajisahau ashike mgongo wa kiti aanze kusukuma. Sasa ile skuta haitaki kusukumwa. Ukiachilia kishikio cha kuendeshea, breki zinajifunga zenyewe. Yeye anasukuma, skuta imegoma, mimi katikati natikiswa kama maziwa kwenye kibuyu. Nikamwambia atoe mikono. Akaniuliza, kwa uchungu wa kweli, "Sasa mikono yangu niweke wapi?"

Nilicheka sana, lakini lile swali sikuliacha. Niliposikia kwamba kuna tamasha kubwa la muziki, wasanii wetu wa Kikalenjin wote jukwaa moja, kwenye uwanja wazi nje ya mji wa Kericho, nikasema tutaenda. Wenzangu kanisani niliwaambia nataka kusikia muziki. Ukweli ni kwamba nilitaka kitu kimoja tu: nimwone mume wangu akicheza tena, nami niwe pale.

Jirani yetu mwenye pikapu ya viazi alikubali kutubeba. Asubuhi hiyo mkewe alifika na wanawake wawili, mikono imejaa sinendet, ule mmea wa kijani unaotambaa ambao sisi huwavisha washindi, wahitimu na wageni wa heshima. Kwetu gari jipya haliendi safari yake ya kwanza likiwa uchi. Waliuzungusha kwenye usukani, kwenye kikapu, mpaka nyuma ya kiti, kisha wakaomba. Maombi yalirefuka hadi mwenye pikapu akawasha injini kutusaidia kufika amina.

"Hii sasa ni skuta ama ni bwana harusi?" mume wangu akauliza.

Nilifika langoni nikiwa nimejiandaa kwa vita. Ninawajua askari wa malango. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri: kwamba hii si pikipiki, kwamba siwezi kuiacha nje, kwamba hata mimi nina haki. Kijana wa lango alipoiona skuta na ile sinendet, alisimama wima na kutabasamu.

"Karibu, mama! Tulikuwa tunakungojea. Pitia hapa, pitia hapa."

Akafungua kamba ya pembeni ambayo haikufunguliwa kwa mtu mwingine. Furaha niliyoipata! Nikajua hatimaye waandalizi wamewakumbuka watu wa miguu mibovu. Maneno yangu yote makali yakabaki mdomoni bila kazi. Mume wangu akanifuata, mkono kwenye kiti kama kawaida, na askari akamzuia.

"Dereva, wewe ngojea na wenzako pale kwa fensi."

"Mimi si dereva. Mimi ni bwana yake."

"Mzee, wote husema hivyo."

"Lakini si unaona yeye ndiye anaendesha? Dereva ni wa nini?"

Askari akaonyesha fensi kwa kidole mara ya pili, kwa sauti zaidi. Mimi nilitaka kugeuka, lakini kamba ilishafungwa na vijana wawili wenye fulana za kijani walikuwa mbele yangu wakifukuza watu njiani. Nikapelekwa hivyo hivyo.

Walinifikisha kwenye hema jeupe lenye zulia. Viti vilikuwa vimefungwa utepe, soda zimepangwa, na watu wa suti wameketi wakipiga simu. Hema lenyewe lilikuwa kando ya jukwaa, nyuma kidogo, kwa hiyo nilichokiona ni migongo ya wanamuziki. Muziki ulikuwa unaenda upande ule mwingine, kwa wenyewe, kwa watu waliojaa uwanja mzima na gambuti zao na miavuli yao. Nikamwuliza mama mmoja wa kofia kubwa, wale walemavu wengine wamewekwa wapi? Alinitazama akacheka, akidhani namtania.

Hapo ndipo mtangazaji akashika kipaza sauti. Akasema msanii mkuu wa siku yuko njiani, lakini aliyemzaa ametangulia. "Mama yake mzazi ameshafika! Amekuja na gari yake ya stima, imevaa sinendet! Mama, simama watu wakuone!" Mtu akamnong'oneza. "Pole, mama. Inua tu mkono."

Uwanja ulilipuka. Nikageuka nyuma kumtafuta huyo mama. Nyuma yangu kulikuwa na kreti za soda. Hema lote lilikuwa linanitazama mimi. Wewe ungefanya nini? Niliinua mkono.

Alasiri mvua ikaja, kama inavyokuja kwetu kila siku, na hakuna aliyeshangaa. Nilikuwa nimekaa pale nikiwaza jinsi ya kutoroka, nikimfikiria mume wangu analoa kwenye fensi kwa sababu yangu, niliposikia ugomvi kwenye mlango wa hema. Mwanamke wa umri wangu, sweta imelowa, amekumbatia kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa, chini ya leso, anataka kuingia. Askari ni yule yule wa langoni.

"Mimi ndio nilimzaa!" mwanamke alikuwa anasema.

"Mama, mama yake ako ndani. Ako na gari, ako na sinendet. Sasa wewe uko na nini?"

"Niko na mtoto!"

Nilicheka kwa sauti, kisha aibu ikanishika. Nikapiga honi, watu wa suti wakavuta miguu, nikaenda mpaka mlangoni.

"Kijana, mwenyewe ni huyu. Mimi ni mtu wa Kedowa, nilikuja tu kwa muziki."

Akaitazama skuta. Akaitazama sinendet. "Lakini kogo," akasema, na kogo kwetu ni nyanya, "hii yote umevaa ya nini?"

"Gari ni mpya."

Nilimwona akielewa. Kwao pia hakuna gari jipya linalotoka uchi. Alivua kofia yake, akaivaa tena, akamwomba msamaha yule mama kwa Kipsigis, lugha yetu, kwa sababu msamaha wa namna hiyo hauombwi kwa Kiswahili. Nikaufungua ule mmea kwenye usukani nikamvisha mwenyewe shingoni. Yeye akafungua kibuyu, akanimiminia mursik kwenye kifuniko chake, nikanywa pale pale. Mwanawe alipata iliyobaki.

Bila sinendet nikawa mwanamke tu mwenye kiti chekundu. Hakuna aliyenipisha, na hakuna aliyenizuia. Nikashuka uwanjani kuelekea kwenye fensi. Nyasi zilikuwa zimelowa, na nilipofika kwenye mteremko magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka mahali pamoja. Watu wa nchi ya chai wakiona gurudumu linazunguka hivyo hawaulizi swali. Tumekua tukisukuma malori ya majani mabichi kutoka kwenye matope. Kabla sijafungua mdomo, vijana kumi hivi walikuwa nyuma yangu, mmoja ameshaanza wimbo wa kusukuma.

"Mathe, tulia, tunakutoa!"

"Ngojeni! Inafunga breki! Ngojeni nibonyeze!"

Hawakungoja. Nikazungusha kile kidude mpaka kwa sungura, nikabonyeza, wakasukuma, na skuta ikaruka kama ndama aliyefunguliwa. Nilipotazama nyuma walikuwa wamepakwa matope kuanzia magotini hadi kwenye nyusi, wanashangilia.

Mvua ilikuwa imekatika nilipofika karibu na fensi. Madereva walikuwa wamefunga turubai kati ya magari mawili, na chini yake walikuwa wanacheza. Katikati yao, kofia juu mkononi, alikuwa mume wangu.

Yale mabega! Hayakuwa yamesahau chochote. Madereva, watu wa umri wa watoto wetu, walikuwa wamempisha kama zamani, wanampigia makofi. Alikuwa amefumba macho. Furaha ilinijaa kwanza. Wivu ukafuata, na nyuma ya wivu hasira, kwa sababu nilikuwa nimepanga mimi ndiye nimchezeshe. Nilivishiwa skuta majani, nikakaa na watu wa suti, nikakwama kwenye matope, kumbe alichohitaji mume wangu ni askari wa kumtoa kwangu. Alihitaji mimi nisiwepo. Niliumia, sitaficha.

Na sikuthubutu kusogea, kwa maana nilijua akiniona ataacha. Jambo moja zuri la skuta ni kwamba haina kelele. Nikajibanza kando ya mama aliyekuwa anachoma mahindi, nikawa natazama kupitia moshi.

"Mama, unanunua ama unaota moto?" akaniuliza.

Nikanunua. Nilikuwa sijang'ata hata mara moja wimbo ulipokwisha, mume wangu akafumbua macho, akaniona. Mabega yakashuka. Kofia ikarudi kichwani. Akaja mbio, mkono umeshanyooshwa kuelekea kwenye kiti.

"Walikupeleka wapi? Uko sawa? Nilikuwa nakuja kukutafuta."

"Usiguse kiti."

"Nilikuwa nakuja, haki."

"Mwongo. Nimekuona."

Akatazama viatu vyake. "Ni hawa madereva," akasema. "Walinishika mkono."

"Sasa rudi ucheze."

"Na wewe?"

Nikaamua kugomba badala ya kulia. "Mimi niko na magurudumu manne, wewe uko na miguu miwili. Tuone nani atachoka."

Wakati huo msanii mkuu alikuwa amepanda jukwaani, na shangwe zikasikika mpaka huku. Nikaacha kobe, nikaenda kwa sungura, nikaanza kumzunguka. Mara ya kwanza aliruka kando akinionya kwamba nitamkanyaga. Mara ya pili aliruka akicheka. Ya tatu sijui kama aliruka au alicheza, kwa maana mabega yalikuwa yameingia kazini, na madereva wakapiga makofi, nami nikazunguka nikipiga honi, hindi la kuchoma ndani ya kikapu, mpaka taa ya betri ikatoka kijani ikawa njano.

Pikapu ilituacha kwenye njia panda kwa sababu barabara ya kwetu ilikuwa matope matupu, lakini kando yake kuna kijia kigumu, na jua lilikuwa bado lipo kidogo. Nikarudi kwa kobe. Yeye akatembea ubavuni mwangu, akipiga mluzi.

"Yule askari aliniita dereva," akasema.

"Ulikuwa dereva wangu miaka mingi. Leo amekufuta kazi."

Hakucheka. Nikaogopa nimemwumiza. Kisha akageuza kichwa kuelekea shamba la jirani.

"Hawa nao wamechelewa kupogoa," akasema.

Nikamtazama. Alikuwa amenitangulia kidogo, kifua mbele, anakagua chai ya watu, na mikono yake ilikuwa nyuma ya mgongo, kiganja kimoja kimeshika kingine. Nikamwacha atembee. Hata honi sikupiga.