Kalamu ya Pembe ya Rateng'

Ta! Mlio wenyewe ulikuwa mdogo tu, kama njiti ya kiberiti inapovunjwa, lakini hadi leo nikiusikia mahali popote shingo yangu inakakamaa. Siku niliyousikia mara ya kwanza ndiyo ninayotaka kukusimulia, mwanangu, wewe uliyeingia karakanani juzi na tayari una plasta kidoleni. Nikikuita mwanangu usicheke. Najua umri wetu haujapishana sana. Lakini hapa, ukimtoa Mzee Okelo mwenyewe, mimi ndiye niliyeharibu pembe nyingi kuliko wote, na hiyo inanipa haki ya kuwa mama yako kidogo.

Nilikuja nikiwa nimeachia shule kidato cha pili, kichwa kimejaa ndoto. Mzee alikuwa akitengeneza vifungo na vijiko kwa pembe za ng'ombe, kama anavyofanya sasa. Kalamu zilikuwa jambo jipya. Umeshaona tunavyofanya: unakata ile ncha ya pembe ambayo haina uwazi ndani, unaitoboa, unaitia bomba jembamba la shaba, kisha unaizungusha kwenye mashine ya kukereza mpaka inyooke. Mrija wa wino unaingia mwishoni. Nilipoiona ya kwanza nilisema, kazi yangu ndiyo hii. Nikaanza kuwaona watu wakubwa wakubwa wakiandika na kalamu zangu. Bado ninawaona, tena wanazidi kuongezeka.

Basi akaja Mama Risper wa Dunga, yule anayekaanga samaki karibu na mahali mashua zinapofikia. Alileta pembe nyeusi iliyofungwa kwenye leso. Ilikuwa ya Rateng', maksai aliyelima na marehemu mume wake miaka mingi. Pembe zake mbili zilitundikwa juu ya mlango wa nyumba yao. Moja ikaliwa na wadudu, ikabaki hii. Jumamosi binti yake angefunga ndoa, na pale ambapo baba angetia sahihi kama shahidi, Mama Risper ndiye angetia.

"Baba yake hatakuwepo," alimwambia Mzee. "Lakini ng'ombe wake atakuwepo. Tena atafanya kazi. Huyo hakuzoea kukaa bure."

Mzee alicheka, akaikereza mwenyewe mpaka ikakaribia kuisha, ndipo akanipa msasa. "Nyar Migosi," akaniambia, maana mimi ni binti wa mtaa wa Migosi, "wewe lainisha tu. Pole pole."

Sasa hapa, mwanangu, unielewe vizuri. Mama yangu anauza supu ya kichwa na miguu. Asubuhi zote za utoto wangu niliamka na harufu ya manyoya na kwato zikibabuliwa motoni. Kwangu hiyo ni harufu ya unifomu iliyopigwa pasi, ya chai, ya mama akiniita nije nionje chumvi. Na pembe ikipata joto kupita kiasi kwenye mashine, inatoa harufu hiyohiyo. Mtu mwingine angeshtuka, ainue mkono pembe ipoe. Mimi nilitabasamu! Nikakaza mkono, nikaanza kuimba, nikiwaza vile bibi harusi atauliza ni nani aliyeitengeneza kalamu nzuri hivi.

Ta!

Ufa ulianzia mdomoni mwa kalamu ukashuka hadi katikati.

"Harufu hukusikia?" Mzee akauliza kutoka kwenye benchi lake.

"Nilisikia."

"Ukafikiri ni nini?"

"Nyumbani."

Alinitazama. Kisha akacheka mpaka akavua miwani, na mimi hapo ninalia. Alipomaliza kucheka uso wake ukabadilika. "Hayo machozi yaweke kando," akasema. "Huyo ng'ombe hana pembe ingine. Shika tochi, uniambie ufa umeishia wapi."

Hakunipokonya kalamu, mwanangu. Hilo sijalisahau. Fundi mwingine angeivuta, anitume sokoni nikanunue sabuni ili nisionekane.

Lakini mimi na haraka yangu! Alipoinuka kutafuta keekee ndogo ya kutobolea, niliona nikimsubiri nachelewa. Nikamimina gundi, ile inayoshika papo hapo, juu ya ufa ambao bado ulikuwa na mafuta ya kung'arishia. Ikabanduka kama gamba la samaki ngege. Mahali pekee iliposhika vizuri ni kidole changu. Mzee akarudi akanikuta nimenasa kwenye kalamu.

"Yawa!" akasema. "Sasa Jumamosi nimpelekee Mama Risper kalamu, ama nikupeleke wewe mzima mzima?"

Ilibidi tuombe jirani wa saluni dawa ya kutoa rangi ya kucha. Alikuja na chupa na wateja wake, waje kunitazama.

Baada ya hapo ndipo tulifanya ilivyopaswa. Nasema tulifanya, lakini mikono ilikuwa yangu na mdomo wake. Nilitoboa kitundu cha sindano pale ufa ulipoishia, usije ukaendelea kusafiri. Nikaupangusa na ile dawa ya kucha mpaka kitambaa kikatoka safi. Nikafagia unga wa pembe ya Rateng' chini ya mashine, nikauchekecha, nikaushindilia ndani ya ufa, nikadondoshea gundi kidogo kwa ncha ya njiti. Nikaifunga kalamu kwa uzi na kuiacha ilale. Kesho yake sikugusa mashine. Nililainisha kwa mkono, msasa umelowa maji, mpaka mabega yakauma.

Ulibaki mstari mwembamba, mweusi kuliko pembe yenyewe. Mzee alipitisha ukucha juu yake, ukapita bila kukwama. Aliniachia nimkabidhi mwenyewe Mama Risper.

"Hii ni nini?" Mama akauliza mara moja. Mtu anayechagua samaki kila siku humfichi kitu.

"Niliipasua, Mama. Nikaiunga na unga wake mwenyewe. Hakuna kitu kigeni ndani isipokuwa gundi."

Akachukua kipande cha gazeti la kufungia samaki, akaandika jina lake polepole, halafu la mume wake. Akayatazama.

"Ikipasuka kanisani?"

"Haipasuki."

"Basi utakuja ukae karibu, uone." Akaifunga kwenye leso. "Na uvae vizuri, wewe fundi."

Fundi! Mwanangu, nilitembea hadi Migosi kama mtu aliyebebwa. Kanisani nilikaa mbele, na kalamu ikaandika. Kila nikienda Dunga Mama Risper ananionyesha, ipo palepale kwenye mkoba, mstari wake bado umefunga.

Kwa hiyo sikiliza. Utaharibu. Ukiharibu, usikimbilie kufunika. Tafuta kwanza ufa umeishia wapi. Usafishe kabla ya kuunga. Unga wa kazi yako usiutupe. Na ujue ni kitu gani unachokipenda sana kiasi kwamba kinakuzuia kusikia hatari, maana kila mtu anacho chake. Mungu, Nyasaye wetu, akulindie vidole na macho, akupe mzee wa kucheka nawe bila kukupokonya kazi, na siku moja mtu akuite fundi huku ameona kosa lako kwa macho yake.

Jioni ya siku ile ya harusi nilirudi hapa peke yangu, bado nimevaa gauni. Nilichukua kipande cha pembe kisicho na kazi, nikakifunga kwenye mashine, nikawasha, nikaweka msasa. Nikangoja. Harufu ikaja, tamu vilevile, na mama akaniita ndani yake kama kawaida.

Nikainua mkono.