Filimbi ya Malaba

Niliondoka kisiwani kwetu Ngazidja kwa sababu barabara zetu ni fupi. Ukikimbia kidogo tu, unafika baharini au unaanza kuupanda mlima wa volkano, Karthala. Mimi nilitaka kufuzu marathoni kwa jina la visiwa vyetu, na mbio za Busia, nchini Kenya, zingenipa muda niliohitaji.

Malaba, mji wa mpakani nilikofikia kwa mazoezi, malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka macho yanachoka. Nilikodi chumba kwa Mama Ekisa, mjane mwenye sauti kubwa na chai nzuri.

Alfajiri ya kwanza, baada ya sala, nilitoka bila kumuaga mtu. Nilivaa nguo nyeusi, kofia ya sufu, na kibegi cha maji mgongoni. Nikakimbia kando ya foleni. Nyuma yangu filimbi ikalia. Sikugeuka; ninyi wa nyumbani mkinipigia filimbi mnanitania tu.

Kisha nikasikia, "Mwizi huyo! Ametoka kwa lori!"

Niliogopa sijapata kuogopa vile. Miguu ikaongeza kasi yenyewe, na ningeweza kuwaacha wote. Lakini mbele pikipiki ziliwasha taa, wanaume wakachomoza kati ya matrela, na nikaelewa kwamba kila hatua ilikuwa inanifanya mwizi zaidi. Nikasimama, mikono juu.

"Umebeba nini?" aliuliza dereva mwenye rungu.

"Maji. Nafanya mazoezi."

"Wakimbiaji hukuja kikundi, boss. Hapa mtu akikimbia peke yake, amebeba kitu ama anafuatwa."

Niliwatajia ninakokaa, wakanishika shati hadi kwa Mama Ekisa. Alitoka na mwiko mkononi.

"Huyu ni mgeni wangu. Mkimgusa mtanijua." Walipoondoka akanigeukia mimi. "Na wewe, mbona hukuniambia unatoka? Mgeni hutembezwa kwanza, watu wamuone sura."

Mchana huo alinitembeza kwa waendesha boda, wauza chapati na madereva. Nilimpa mkono hata yule wa rungu. Tangu hapo nilikimbia jua likishatoka, nimevaa fulana ya njano aliyoniazima Mama Ekisa. Watu walinipungia mkono. Hofu haikunitoka.

Busia, siku ya mbio, kundi langu lilikuwa linakwenda polepole mno. Ilinibidi nichomoke mbele, peke yangu. Nilijaribu, na kila nilipojaribu, mtazamaji mmoja alipuliza filimbi kunishangilia, nikakumbuka Malaba, nikarudi kundini. Nilimaliza salama. Sikufuzu.

Sasa nimerudi nyumbani, na mnaniuliza nilijifunza nini. Nilijifunza kwamba ugenini watu wakuone uso kabla hawajakuona mgongo. Mwakani nitarudi Busia kujaribu tena, na Mama Ekisa ameshaniambia fulana ya njano ni yangu.

Ila nina ombi. Asubuhi nikipita barabarani mnanipigia filimbi, na najua mnanitania. Naomba muniite jina.